Foleni ya Mawe na Mashine ya Dada Ndeshi

Enzi zetu foleni haikuwa ya watu, ilikuwa ya mawe. Mliokulia Kariakoo miaka ile ya shida mtakumbuka: asubuhi unatumwa duka la ushirika na jiwe lako, unaliweka nyuma ya tofali la jirani, kisha unakwenda zako kucheza rede mpaka gari la unga lifike. Jiwe lilikuwa na mwenyewe, na liliheshimiwa. Vijana wa leo wakisimama kidogo tu dukani wanajipiga picha ili dunia ione wanavyoteseka.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la nne, na nyumbani kwetu hapakuwa na raha. Dada yangu mkubwa, Ndeshi, alikuwa ameajiriwa na shirika lililogawa unga, sukari na sabuni kwa maduka ya mji. Kazi yake ilikuwa kuiandikia kompyuta maelekezo. Kompyuta yenyewe shirika halikuwa nayo; liliazima ya ofisi moja kule Posta, dude lililojaza chumba kizima, na zamu yao ilikuwa Ijumaa asubuhi hadi saa sita mchana. Katika muda huo mashine ilitakiwa kupanga maombi ya maduka yote kwa kata na mtaa, ili madereva wa malori wajue waanzie wapi. Ijumaa mbili mfululizo saa sita iliikuta bado inapanga, na wenye zamu ya pili wakaikatisha. Meneja akamwambia Dada, "Binti, nakupa Ijumaa moja tena. Isipomaliza tunarudi kwenye kalamu, na wewe utakwenda ghala letu la Sumbawanga."

Mama alipoambiwa aliacha kumenya ndizi, akakaa na kisu mkononi. Mimi tangu Baba afariki nililala kitanda kimoja na Dada, mgongo kwa mgongo, na sikujua mtu analalaje peke yake. Niliogopa Sumbawanga kuliko fimbo ya mwalimu wa hesabu.

Kesho yake, Jumamosi, Dada alinisindikiza dukani. Alikuwa amekonda, hasikii ukimsemesha. Siku hiyo kulikuwa na ugomvi wa nani alitangulia, kwa hiyo Mzee Kondo, balozi wetu wa nyumba kumi, akatangaza kwamba watu watahudumiwa kwa namba za nyumba. Hakuna aliyejisumbua kuinuka. Kina mama waliendelea kukaa barazani na vikapu vyao na watoto wao mapajani, na Mzee Kondo akawa anahamisha mawe.

"Hili la nani?"

"La kwangu, Mzee. Nyumba namba nane."

Analiokota, analipeleka mbele, anarudi kuchukua jingine. Gari lilipofika akaita jiwe moja moja, na kila mtu akainuka mara moja tu, akaenda moja kwa moja mahali pake. Dada alinishika mkono mpaka ukauma. "Umeona?" akasema. "Watu hawajanyanyuka. Mimi nawahangaisha watu na vikapu vyao."

Nyumbani alimweleza Mama huku anatembea chumbani. Kumbe kila duka lilipohitaji kusogea nafasi moja, mashine ililibeba zima: jina, kata, mtaa, magunia ya unga, katoni za sabuni, ikalishusha, kisha ikalibeba tena. Sasa kila duka lingepewa namba, iwe jiwe lake. Mashine ingehamisha namba peke yake, na maduka yangeitwa mwishoni, kila moja mara moja.

"Kama ni hilo tu," Mama akasema, "mbona ulikuwa huli?"

Wiki ile Dada aliandika upya maelekezo yote, na wenzake wakayatoboa kwenye kadi ngumu, maana mashine zile zilisoma matundu. Ijumaa mabasi hayakuonekana, mafuta hakuna, na yeye boksi la kadi alikuwa amekuja nalo nyumbani kwa kuogopa lisipotee. Mama akalitwika kichwani kama mkungu wa ndizi, tukakatisha Mnazi Mmoja kwa miguu. Mtu mmoja akauliza dagaa anauzaje. "Hawa hawaliwi," Mama akajibu bila kugeuka. Dada alikuwa nyuma yake akirudia, "Mama, taratibu. Zikimwagika zikachanganyika, ndiyo basi."

Kule Posta Dada aliingia ndani na kadi zake, nasi tukaketi kwenye benchi la korido, mimi na Mama, mlango umefungwa. Nyuma yake palisikika mngurumo mmoja usiobadilika. Dada alikuwa ametuambia kwamba mashine ikimaliza kupanga itaanza kuchapa, na tutaisikia. Saa ya ukutani ikasogea. Saa tano na nusu wenye zamu ya pili wakaja na maboksi yao, wakasimama mlangoni wakitazama saa ileile tuliyoitazama sisi. Mama alikuwa anasali Kichaga, midomo ikicheza. Mmoja wao akaweka mkono kwenye kitasa. Ndipo kule ndani kukaanza kelele ya kutatarika, kali, isiyokoma, na Mama akafunika uso kwa kanga akalia.

Sumbawanga ikafutwa. Tukala wali siku hiyo. Lakini habari za binti aliyeifanya mashine iwahi zilifika juu, na kabla mwaka haujaisha shirika likampeleka ng'ambo kusomea mashine hizo. Uwanja wa ndege Mama hakulia. Alisema tu, "Sumbawanga kuna basi." Dada alisoma, akapata kazi hukohuko, akaolewa hukohuko. Nami nikajifunza kulala peke yangu.

Siku hizi tunamwona kila Jumapili kwenye simu ya mwanangu, mvi zimemjaa. Simu ikizidiwa, picha inaganda, Dada anabaki kinywa wazi katikati ya neno. Mwanangu husonya, husema simu hii imechoka, anataka nyingine yenye kasi zaidi. Bibi yake, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, humshika mkono asiiguse.

"Iache hapohapo kwanza," humwambia. "Ikiwahi ataaga."