Mlango wa Mama Mkwe

Ukifika Mumbuni ukauliza kwa Maundu, fundi wa weldingi, watu watakuelekeza huku wakicheka. Kazi yake haina kasoro. Ni mdomo tu. Amechomelea mageti na madirisha ya nusu ya mtaa ule, na hakuna geti hata moja lililotoka mikononi mwake ambalo hakulisifia mpaka mwenye nyumba akaona haya kulifungua. Sasa mtu kama huyo umwache ajenge nyumba yake mwenyewe! Tangu siku ya kuchimba msingi, majirani walikoma.

Alisema hataki ramani ya mtu. Vyumba vyote alivichora kwa chaki juu ya bati, na mafundi wakajenga vile bati lilivyosema. Ndani ndiko alikomaliza ufundi: dari ya jipsam yenye taa zilizojificha, taili alizochagua mojamoja, na kaunta. Wee, hiyo kaunta! Kati ya jikoni na sebule hakutaka ukuta kabisa. Aliweka kaunta ya graniti nyeusi ili mkewe, Pauline, apike huku akipiga gumzo na wageni. Nderitu muuza rangi alipokuja kuiona alisema naye atabomoa jikoni kwake apate kama hiyo, na Maundu akairudia habari hiyo wiki nzima, hata kanisani.

Lakini chumba alichokionea fahari kuliko vyote hakikuwa chake. Kilikuwa cha mama mkwe, Mama Kalondu wa Katangi. Mama huyo alijaliwa mabinti watupu, wote wameolewa, na tangu afiwe na mumewe alikuwa akiishi peke yake na mbuzi wake. Macho yalishaanza kuingia ukungu. Mwaka huu aliteleza akiteka maji kwenye tangi, akalala pale chini mpaka jirani alipopita kwa bahati. Pauline hakupata tena usingizi wa maana. Simu ikilia, anashtuka. Ndipo Maundu akatangaza, kwa ile sauti yake isiyojua wasiwasi, kwamba mama atakuja kuishi nao. Akamtengea chumba kinachotazamana na chao, mlango kwa mlango, ili akikohoa usiku wamsikie.

Mama Kalondu akaja mchana mmoja kuiona nyumba. Alipanda ngazi za baraza, akachungulia kwa mlango mkubwa: sebule, kaunta, jikoni, kile kijia chembamba na milango miwili inayotazamana. Akasimama papo hapo. Alisema nyumba ni nzuri sana, Mungu aibariki. Kisha akageuka, akaenda kuketi nje, akanywea chai huko huko, na kabla jua halijapoa akaomba arudishwe kwa mbuzi wake.

Maundu alichemka. Alisema amedharauliwa. Mahari si alimaliza? Mbuzi wa ntheo, wale wa kuchumbia, si walipelekwa wote? Harusi si ilikuwa ya kanisani? Sasa nyumba yake inanuka nini? Pauline alimsikiliza huku akiosha vikombe, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Baba Ndanu, hujaona vile umefanya? Umemwekea mama yangu kitanda hapo mbele ya mlango yetu. Na akipika kwa hiyo kaunta, wewe uko kwa sofa unamwangalia. Na nthoni je?"

Maundu akasema nthoni ni mambo ya kale, wao ni watu wa kanisa. Mwongo huyo! Akienda Katangi, ni nani hukata kona kupitia shambani akimwona mama mkwe anakuja njiani? Ni nani humsalimu akitazama viatu vyake, na mama naye amevuta leso usoni? Nthoni ndiyo hiyo: heshima ya Wakamba inayomtenga mwanamume na mama wa mkewe, wasikae sebule moja wala kula meza moja, sembuse kulala mlango kwa mlango. Maundu ameishika tangu aoe, bila hata kufikiria. Ila siku ya kushika chaki alimkumbuka mama mgonjwa akasahau kwamba ni mkwewe.

Pauline hakubishana. Alimwambia aende akalale kidogo kwenye kitanda cha mama. Maundu akaenda akicheka, akajinyoosha, kichwa juu ya mto mpya. Pauline akaingia chumbani kwao, akaketi kitandani, akajigeuza. Kitanda kikalia. Akapiga mwayo. Halafu akasema kwa sauti ya chini maneno fulani ambayo mke humwambia mumewe taa zikizimwa. Maundu aliyasikia yote, hakuna lililompita. Aliruka pale kitandani kama aliyekalia makaa, na aibu iliyomshika, mimi hata siwezi kuieleza.

"Hata mimi singelala hapa," alisema.

Uzuri wa Maundu ni kwamba akishalikubali kosa hana kinyongo nalo. Kulipokucha alishika nyundo. Ule mlango wa kijiani aliuziba kwa mawe, akapiga plasta, akapaka rangi mpaka huwezi kujua paliwahi kuwa na mlango. Ukuta wa nje akautoboa, akaweka mlango wa chuma aliouchomelea mwenyewe, wenye maua juu na komeo nene kwa ndani ili mama asiogope usiku. Akamjengea choo chake, jiko lake dogo, na baraza inayopata jua la asubuhi.

Ikabaki kaunta. Mama akitaka kukaa jikoni na bintiye, aingie kwa mlango wa nyuma bila kuonana na mkwe, kwa hiyo ukuta ulikuwa lazima. Maundu aliizunguka ile graniti kama mtu anayeaga maiti. Kisha akaing'oa, akapandisha ukuta hadi kwenye dari, na lile jiwe jeusi akalibeba akalitandika jikoni kwa mama. Nderitu, ambaye alikuwa ameshabomoa ukuta wa kwake, nusura alie. Na kwa kuwa Maundu ni Maundu, kabla plasta haijakauka alishaanza kuusifia ukuta.

Nje alijigamba, lakini moyoni alikuwa na hofu. Mama akikataa safari hii, atarudi kwenye lile tangi, na siku nyingine jirani huenda asipite. Pauline alimfuata Katangi. Wakaja na kikapu kimoja na leso ya kubadilisha, mzigo wa mtu anayesalimu tu na kuondoka. Maundu alikiona kile kikapu, akanywea.

Mama Kalondu aliingia kwa mlango wake. Alipapasa fremu, akapapasa komeo, akaweka mkono juu ya graniti muda mrefu. Jioni akapita nyuma akaingia jikoni kwa Pauline, na Maundu, sebuleni, akapunguza sauti ya televisheni.

Waliongea habari za mvua na za watoto wa shule. Halafu mama akapandisha sauti, na ilikuwa wazi haikukusudiwa Pauline.

"Pauline, mwambie baba Ndanu mlango yangu iko na komeo ya ndani peke yake. Nikienda misa nitafunga na nini? Aniwekee kitasa ya nje, na ufunguo. Na mbuzi zangu, atazijengea wapi?"

Pauline hakuwa na haja ya kupeleka ujumbe. Upande wa pili wa ukuta, yule mwenye mdomo alishasikia yote. Maundu alijifuta macho kwa mkono wenye masizi, akatoka polepole hadi karakana, akawasha taa, akaanza kuchagua vyuma vya geti la mbuzi.