Karani aliyeandika "kosa ni langu" kwenye faili la kiwanda

Saa moja na robo asubuhi, ofisi ya vibali haijafunguliwa, na karani wa masijala ameshavua viatu. Yuko juu ya kigoda, peku, mkono mmoja kwenye rafu ya juu kabisa. "Taja mradi wowote," anasema bila kugeuka.

Mwandishi anataja kiwanda cha betri alichokiona kwenye orodha mlangoni. Mkono unatembea juu ya migongo ya mafaili, unasimama, unavuta. Ndilo! Sekunde sita, na kompyuta haijawashwa.

"Lina kurasa sitini na tatu," anaongeza akishuka. "Ya sitini na nne wataleta watu wa maji, wakijaliwa."

Wenzake wanamwita Bibi Folio, kwa kuwa kila karatasi inayoingia kwenye faili huipa namba yake, yaani folio, kwa wino mwekundu, na ole wako uichomoe. Ana miaka ishirini na miwili katika chumba hiki chenye dirisha moja na makabati tisa. Maombi yote ya viwanda vya teknolojia safi, paneli za jua, majiko banifu, betri, hupita mikononi mwake kabla mkubwa yeyote hajayagusa.

"Watu wanadhani kiwanda kinaanza na mashine," anasema. "Thubutu! Kinaanza hapa, na uzi wa faili."

Lakini mwandishi hakuja kwa ajili ya kumbukumbu yake, ingawa peke yake ingejaza ukurasa huu. Alikuja kwa ajili ya maneno matatu ambayo karani huyu aliyaandika mapema mwaka huu.

Kulikuwa na fundi majokofu. Miaka kumi na minane alitengeneza majokofu mabovu ya watu, kisha akabuni la kwake, la kuhifadhi chanjo kwa nguvu ya jua. Akapata eneo, akaahidi kuajiri watu arobaini na mmoja. Utaratibu wa serikali ni huu: barua za idara nne zikifika masijala ndani ya siku tisini, mradi unapata kibali pamoja na msamaha wa ushuru wa mashine. Zikichelewa, unaanza upya, na msamaha umeota mbawa.

Barua tatu zilikuwepo. Ya zimamoto haikuonekana. Siku ya tisini ikapita.

"Nilikuwa nakuja kila Jumatatu," fundi anasimulia. "Zimamoto wananiambia tumeshapeleka. Hapa naambiwa haijafika. Nikawa mpira wa kupigwa huku na huku. Mashine ziko ghala la forodha, na mke wangu akaacha kabisa kuniuliza. Hapo ndipo nilipoogopa."

Jumapili mchana, siku ya tisini na sita, Bibi Folio alikuwa nyumbani akiosha vyombo. Mvua ikaanza. Na mvua ikamkumbusha mpanda pikipiki wa zimamoto aliyewahi kuingia masijala amelowa chapachapa, siku ambayo faili la fundi lilikuwa juu kwa mkuu wa idara.

Faili likiwa nje na barua ikaingia, karani hufungua jalada la muda, huiweka humo, na faili likirudi huviunganisha. Kila karani wa masijala anajua hivyo. Kila karani pia anajua kinachomtoa jasho akiwa kitandani: kusahau kuunganisha.

"Sufuria ilinidondoka," anasema. "Mume wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia, baba watoto, nimemzika mtu akiwa hai."

Jumatatu alifungua kabati kabla hajavua hata mtandio. Barua ilikuwa pale, na muhuri wa mapokezi aliougonga kwa mkono wake mwenyewe: siku ya themanini na moja. Fundi hakuwa amechelewa.

Mwenzake wa meza ya pili akamhurumia. "Dada, kwani shida iko wapi? Chomoa hiyo, omba nakala zimamoto, igonge muhuri wa leo. Nani atakuuliza?"

Kweli, hakuna ambaye angeuliza. Ila kwa muhuri wa leo fundi angehesabiwa amechelewa wiki nzima, na kiwanda kingekufa. Na kwa muhuri wa zamani, Bibi Folio ndiye aliyepoteza barua. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne kustaafu. Mume haoni vizuri, wajukuu wawili wanasoma kwa mshahara wake. Karani akifukuzwa kwa uzembe, kiinua mgongo nacho kwaheri.

Alivuta karatasi ya madokezo, ile ambayo maofisa huandikiana ndani ya faili, akaandika: "Barua ilifika siku ya themanini na moja. Niliipokea mimi, nikaisahau kwenye jalada la muda. Mwombaji hakuchelewa. Kosa ni langu." Akasaini, akaipa folio, akalipandisha faili ghorofani mwenyewe.

"Nimesoma madokezo miaka thelathini," anasema mkuu wa idara. "Nimesoma 'tafadhali shughulikia', nimesoma 'rejea mazungumzo yetu'. Hilo sikuwahi kuliona. Nilidhani nimekosea faili."

Kibali kilitoka Alhamisi. Mwandishi amekitembelea kiwanda hicho: majokofu kumi na tisa meupe, yamepangwa uwanjani kwenye jua kali, bila waya wowote wa umeme wa mtaani. Fundi akafungua mlango wa moja, na baridi ikampiga mwandishi usoni. Mtu mzima na akili zake, alisimama mdomo wazi.

Bibi Folio aliitwa kwenye kamati ya nidhamu. Alitoka na onyo kali na nyongeza ya mshahara iliyozuiwa, lakini kazi ikabaki. "Nililia chooni," anasema. "Kisha nikanawa, nikarudi kazini."

Sasa amebakiza miezi minane, na ana lengo moja. "Kabla sijaondoka, makabati haya yasiwe na jalada la muda hata moja. Yule fundi alikuwa na miguu ya kuja kila Jumatatu. Waliochoka je?"

Saa ya chakula cha mchana, wenzake wakitoka, yeye hupekua. Ameshapata kumi na moja. Leo, mbele ya mwandishi, anapata la kumi na mbili: barua ya idara ya maji, ya miaka miwili iliyopita, ya mama mmoja aliyetaka kutengeneza majiko banifu.

Anasoma namba ya simu mara mbili, anapiga, anaweka spika.

"Habari za siku, mama. Napiga kutoka masijala ya vibali. Ile barua yako ya maji imeonekana. Bado unakitaka kiwanda?"

Kwa mbali mtoto anacheka.

"We ni nani?" sauti inauliza.

"Mimi ndiye niliyekuchelewesha," anasema Bibi Folio. Kisha anavuta kiti, anakaa, anasubiri kuambiwa lolote atakaloambiwa.