Bati la Kona ya Nyuma

Watoto wa kaka yangu hawanipi raha: shangazi, andika habari za mama, tuwape watu wa sokoni wasome. Wao ndio waliosoma, mimi niliishia darasa la pili, lakini kazi ya kuandika wameisukumia kwangu. Haya, naandika. Atakayeshindwa na mwandiko wangu akatafute miwani.

Mama yao alikuwa wifi yangu, fundi cherehani. Mdomo wake shubiri, mkono wake dhahabu. Macho yake yalichoka mapema, hata kutunga uzi sindanoni ilikuwa vita, kwa hiyo alihitaji mwanga kuliko sisi sote. Lishikeni hilo.

Soko letu liliungua. Tukapewa mabati mapya na uwanja mtupu, basi, tujigawie wenyewe. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mchinjaji, mtu wa mabavu, alitandika turubai lake langoni akasema mwenye nguvu mpishe. Nami nikatua magunia yangu ya mitumba mbele ya turubai lake, maana pale ndipo nilipouza tangu usichana wangu. Ikawa hakuna anayeuza kwa amani, na kila mtu analala juu ya mzigo wake kwa kumwogopa jirani.

Wifi ndiye aliyetukalisha chini. Alisema kwanza tukubaliane kila kibanda kiweje, tuvijenge vyote, ndipo tupige kura nani akae wapi. Mchinjaji akamwambia yeye ashone tu, mambo ya soko awaachie wenyewe. Wifi hakuinua hata uso kwenye pindo alilokuwa akilikunja.

"Shemeji," akasema, "panga soko kana kwamba mimi ndiye nitakayekuchagulia pa kukaa. Na unajua sikupendi."

Watu walishika mbavu. Mchinjaji naye akacheka. Kisha nikamwona akiitazama kona ya nyuma, penye giza na mtaro wa maji machafu. Tangu hapo hakuna aliyeipigania kona ile kama yeye. Mtaro ufunikwe. Juu liwekwe bati la plastiki lipitishalo mwanga, na soko zima tulipande kulisafisha kwa zamu, hata mtu awe nani. Tukapeana mikono.

Kura zilikuwa vizibo vya soda vyenye alama, ndani ya mfuko wa unga. Mchinjaji akapata lango. Mimi nikapata katikati, pazuri tu, ingawa haki yangu ilikuwa lango na neno langu sijalibadili. Wifi akapata kona ya nyuma.

Roho iliniuma. Nikamvuta kando nikamwambia, kwa macho yako hayo, omba kura irudiwe. Hata mchinjaji, aliyetusikia, alitikisa kichwa kukubali.

"Wifi, nikirudia mimi leo, kesho atataka kurudia yeye," akaniambia. "Halafu sote turudi kulalia magunia."

Akajitwika cherehani yake akaenda nyuma. Chini ya bati lile alishona sare za shule, suti za harusi na sanda, akawasomesha hao wanaonisumbua leo. Zamu ya mchinjaji ikifika alipanda na ndoo yake, kitambi na yote, ngazi inalia, wifi akimkaripia toka chini kwamba pembe ile ameiruka. Mimi si mwepesi wa kusifu mtu. Wifi yule nilimvulia kofia, na kofia sivai.

Wifi alipokufa, zamu zikafa naye. Kona sasa ni ya fundi saa, anafungua saa za watu kwa tochi mchana kweupe, kwa kuwa bati limeota ukungu. Nyie wenye vibanda leo, msiniambie hamkuwepo tulipopeana mikono. Mnafunga vibanda jioni mnakwenda kulala kwenu, hakuna anayelalia mzigo wake. Hilo nalo lilitoka kwenye mikono ileile.

Ndoo ya kuoshea bati iko kwangu, nyuma ya mlango. Wewe uliyefika mpaka hapa, zamu ya kwanza ni yako. Njoo uichukue, na pembe usiziruke.