Matanga ya Jani la Maharage

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na ajabu yake ya kwanza ni kwamba siku hiyo nilikuwa nimetoka nje. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mikumi penyewe nimefika mara chache tu, na tembo sikumwona kwa sababu nilisinzia ndani ya basi. Enzi zile za vijiji vya ujamaa nilikuwa kijana niliyemaliza sekondari juzijuzi, nakaa kwa bibi yangu kijijini Zombo, nikisubiri kazi inifuate jikoni. Bibi alikuwa akisema kuku wake wanatembea kuliko mimi.

Bibi alikuwa na kishamba cha maharage, yale mekundu madogo ambayo mbegu yake aliirithi kwa mama yake. Hayakuwa mengi, lakini ndiyo yaliyokuwa chakula chetu, na ndiyo mbegu iliyobaki. Mwaka huo maharage ya kijiji yakaingiwa na kutu. Si kutu ya jembe, mwanangu; ni ugonjwa wa majani, unatoa vumbi jekundu kama tofali lililosagwa. Mashamba ya jirani yalikauka tukiyatazama. Mkutano wa kijiji ukaamua kila shamba lenye madoa ling'olewe na kuchomwa, lisije likaambukiza mengine. Ulikuwa uamuzi wa busara, hata leo nitasema hivyo. Na majani ya Bibi yalikuwa na madoa: vidoti vya kahawia, vikavu, kama yamerukiwa na cheche za moto.

Wakaja, balozi wetu wa nyumba kumi mbele, watu na majembe nyuma. Bibi akasimama ukingoni mwa shamba. Mimi nikaambiwa nianze tuta la kwanza, kwa kuwa shamba ni letu. Ndipo akatokea bwana shamba na baiskeli yake, Maganga, Mnyamwezi. Sasa ujue kwamba Wanyamwezi na sisi Wakaguru tulitaniana tangu enzi za misafara ya miguu, na neno la mtani hata likiwa la kweli hutafutiwa kwanza kicheko chake.

Maganga akainama, akageuza jani, akatuambia tusiyang'oe. Majani haya, akasema, yanajiua kidogo ili mmea usife wote.

Tulicheka, mwanangu. Balozi alikaa chini kwa kucheka. Mmoja akauliza matanga ya jani yanaanuliwa lini, na kama watani watakuja kupika. Maganga akaeleza tena, nasi tukazidi; kila alipokaza uso tulimsifu kwamba leo Mnyamwezi kaamka vizuri. Mimi nilicheka kuliko wote, na bayolojia nimeifanyia mtihani. Kisha balozi akafuta machozi, akanipungia mkono. Nikang'oa shina la kwanza. Nikang'oa la pili.

Maganga akavua kofia. Akamwendea Bibi, ambaye siku zote alimwita mke wake na kumlaumu kwa ugali mbichi, akapiga goti kwenye udongo.

"Shikamoo, Bibi."

Majembe yakashushwa. Mtani wetu hakuwa akiamkia hivyo.

"Marahaba, mwanangu. Sasa sema."

Maganga akaenda shamba la jirani, akapangusa jani kwa kidole, kidole kikarudi chekundu. Akapangusa la Bibi, kidole kikabaki safi. Akasema kutu hii hula kilicho hai tu. Ikiingia kwenye jani la maharage haya, kile kipande kidogo ilipoingilia hujikausha upesi, kikafa chenyewe, nayo ikakosa chakula ikafia humo humo. Maharage ya jirani hayana akili hiyo. Huiacha iendelee kula hadi ienee.

"Haya madoa siyo mahali ugonjwa ulipoanzia safari," akasema. "Ni mahali ulipokomea."

Akaonya kwamba si kila doa liko hivyo, ndiyo maana ya kupangusa kwanza. Akamwomba balozi asubiri hadi gulio lijalo, soko letu la kila wiki. Balozi akajikuna shingo, akakubali.

Gulio lilipofika, vidoti vilikuwa vilevile, havijakua hata kidogo, na maua yameanza kushika maharage. Bibi akakaa palepale kwenye tuta, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameizuia wiki nzima. Msimu uliofuata balozi mwenyewe alikuja na kikapu kuomba mbegu, na Maganga akamuuliza mbele za watu kama amekuja kwenye matanga.

Lakini Bibi hakuniacha. Siku ile ya gulio alisubiri nishibe, kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, jani halikwenda shule, lakini linajua pa kukomesha jambo. Wewe na binamu yako mmegombea kigoda cha jikoni, na sasa mama zenu hawasalimiani."

Ilikuwa kweli. Kigoda, mwanangu! Nikaenda, nikampa. Heshima yangu ikafa kipande, kama ukubwa wa kidoti, na mama zetu wakarudi kuombana chumvi.

Kwa hiyo nakuusia. Neno baya likikugusa, likaushe hapohapo ulipoguswa; kubali kiburi chako kife kidogo, usilipeleke kwa ndugu wa pili na wa tatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na usimng'oe mtu kwa kuwa umemwona na doa. Pangusa kwanza, huenda ni kovu la vita alivyoshinda. Taniana na watu, lakini mtani akivua kofia, nyamaza umsikilize, maana mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Mungu akupe shamba lenye rutuba na ndugu wa kula nao. Baya likikugusa, likuguse padogo, na likomee hapo. Nenda salama. Mimi nabaki nyumbani, kama kawaida yangu.