Mlango wa Karatasi

Juzi nilishuka treni Mount Druitt, hapa Sydney, nikatembea mpaka mtaa wetu wa zamani, na niseme ukweli, nilikasirika. Nyumba yetu haipo. Ya jirani haipo. Pamesimama maghorofa mawili ya kijivu, uzio mrefu kunizidi, na getini kuna kengele yenye kamera. Nikaibonyeza makusudi. Sauti ikaniuliza kwa Kiingereza kama nina miadi. Miadi! Mimi niliyekulia hapo, meno yangu ya utoto yamezikwa kwenye udongo ule, leo naulizwa miadi! Niliondoka nikisonya, na njia nzima nilikuwa namfikiria nyanya yangu. Hebu kaa nikusimulie.

Tulikuja Sydney kutoka Uvira, Kongo, kwa kupitia kambi ya wakimbizi, mimi nikiwa bado mdogo. Mama alifanya kazi kwenye ghala, akitoka alfajiri, kwa hiyo aliyenilea ni nyanya, mama mzaa mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kiingereza alijua maneno machache, na hayo machache hakuyataka. Jumamosi alitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba, kinu kikilia du, du, du, mpaka kasuku wa rangi waliojaa mitini wakahama. Kelele hiyo ndiyo iliyomleta jirani uzioni, bibi wa Kizungu aliyeishi peke yake, uso ameukunja. Nyanya hakungoja nimtafsirie. Alimpa mchi. Yule bibi akatwanga, akacheka, na mchana akala sombe na bugali kwa mkono, mchuzi ukimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Tangu hapo akafundishwa adabu ya kwetu. Mtu haingii kwa mtu bila kupiga hodi, na hodi si kitu mpaka mwenyeji aitike. Ukiita mara tatu kimya, rudi kwako. Jirani aliipenda hodi hiyo. Kila jioni aliiita uzioni kwa lafudhi yake, na ajabu yake, kila alipoita chakula kilikuwa kimeshaiva.

Naye alinifundisha kadi. Gereji yake haikuwa na gari. Ilikuwa na meza ndefu, mihuri ya mpira ya kila namna, vidau vya wino, na mashine ndogo ya mkono. Unaweka kibati chenye makali ya umbo fulani juu ya karatasi ngumu, unazungusha mkono wa mashine, na upande wa pili linatoka ua limekatika safi bila mkasi. Harufu ya wino na gundi na bati lililopigwa jua naisikia hadi leo. Na kadi zake hazikuwa za kusoma tu. Unavuta ulimi wa karatasi pembeni, ndege anachomoza kiotani. Unazungusha gurudumu, mvua inageuka jua. Lakini alikuwa mkali, usione! Gundi ikizidi, ulimi haupiti, na usipopita anaichana unaanza upya.

Halafu akapata kiharusi. Gari la wagonjwa lilimchukua asubuhi moja, upande mmoja umekufa, mdomo hausemi. Nyanya alikuwa ameshapika na kufunga kitenge chake kizuri pale binti wa huyo bibi aliposimama uzioni kutuambia kwamba hospitali ni kwa familia tu. Akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba tunaweza kutuma kadi. Nikatafsiri. Nyanya akanikazia macho utadhani mimi ndiye niliyetunga.

"Karatasi ndiyo inaenda kusalimia mgonjwa? Miye nakatala!"

Kwetu mgonjwa akilala bila kutembelewa, watu wamemtupa, basi. Hilo ndilo lililomtesa nyanya. Kufa ni kwa Mungu, alisema, lakini jirani afe akidhani tumemtupa? "Jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali," alirudia, akiyagonga masufuria yasiyo na kosa. Mwisho akasimama katikati ya jiko. "Bon. Wanataka kadi? Kadi watapata."

Ufunguo wa gereji tulikuwa nao, maana nyanya ndiye aliyekuwa akimlisha paka. Tukatengeneza kadi kubwa yenye mlango: ukivuta ulimi, mlango unafunguka, na nyuma yake kuna utepe uliokunjwakunjwa wa watu walioshikana, nyanya mbele, mama, mimi, na kanisa letu zima. Tuliwagongea mihuri ya maua mpaka nguo zao zikawa vitenge. Shida ikawa mikono yao mitupu. Nyanya hakukubali mtu aende kwa mgonjwa hivyo, hata awe wa karatasi. Lakini vibati vya jirani vilikuwa vya sikukuu za Kizungu, miti ya Krismasi na mayai ya Pasaka. Basi mti wa Krismasi tukaupindua kichwa chini, ukawa fungu la sombe. Yai likawa bugali. Majani membamba tukayapaka wino wa kijivu, tukapata ndagala, vile visamaki vya ziwani, wa kutosha. Kisha nyanya akapenda muhuri mmoja wenye herufi za mapambo, akaugonga juu ya mlango kwa nguvu zake zote. Nikamwambia, nyanya, huo unasema heri ya kuzaliwa.

"Kwani hakuzaliwa?" Ikabaki hivyo hivyo.

Hospitalini muuguzi alitaka tuiache mezani, atampelekea. "Mwambie hii haisomwi, inavutwa," nyanya akaniagiza. "Yeye anajua kuivuta?" Kisha akaketi kwenye kiti cha korido, kikapu mapajani, kama mtu aliyehamia. Muuguzi, ili yaishe, akauvuta ulimi mwenyewe. Mlango ukafunguka, watu wakamwagika na bugali yao. Alicheka kwa sauti, akajiziba mdomo. Akaikunja tena, akaenda kumwekea jirani kwenye mkono wake mzima, akatuashiria tuingie kidogo tu.

Nyanya hakuingia. Alisimama kizingitini.

"Hodi."

Muuguzi akasema ingieni tu. Nyanya akatikisa kichwa. Chumba hakikuwa cha muuguzi.

"Hodi."

Jirani alitutazama, mdomo umepinda, machozi yanashuka, sauti haitoki. Mimi nilitaka kumsukuma nyanya kwa mikono miwili. Nilimjua. Hodi ya tatu isipoitikwa, angegeuka na kurudi nyumbani, na moyo wake ungebaki pale kizingitini.

"Hodi, jirani."

Kidole gumba cha jirani kikasogea. Kikaukosa ulimi wa karatasi, kikaurudia, kikaushika. Akavuta. Mlango ukafunguka, na sisi sote tukamwagika juu ya shuka.

"Aksanti, nimekaribia," nyanya akasema, akaingia.

Binti alipofika alimkuta nyanya ameketi kitandani, akimsugua mama yake miguu na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Akauliza nani ameturuhusu. Nyanya akavuta kiti. "Karibu, mwanangu, keti. Mama yako ana wageni." Nilitafsiri neno kwa neno, sikupunguza kitu. Binti akaketi.

Jirani alifariki kabla baridi ya mwaka huo haijaisha. Nyanya alimfuata miaka kadhaa baadaye. Kinu sijui kilikwenda wapi, gereji imevunjwa pamoja na nyumba, na siku hizi watu wanatumiana maua ya kwenye simu, wanahesabu kwamba wamesalimiana. Wanangu wananieleza, kwa Kiingereza chao, kwamba hapa huendi kwa mtu kabla hujapiga simu. Wapige wao. Mimi nikisikia mtu kalazwa, nachukua sufuria yangu naenda, na kadi yangu ya kuvuta naibeba pia. Nimeshafukuzwa kwenye korido kadhaa za mji huu. Aibu ya kufukuzwa naiweza. Ya mtu kufa akidhani nimemtupa, hiyo siiwezi.