Mkutubi wa Mlowo na ukurasa alioruka

Saa tatu kasorobo asubuhi, Mlowo wilayani Mbozi. Malori yanayokwenda Tunduma yanapita barabarani na vioo vya madirisha vinatetemeka. Mlangoni mwa maktaba, Tukuswiga Kibona amenyoosha mkono.

"Kalamu," anasema.

Anyitike Mwashiuya, mkulima wa kahawa na katibu wa chama chao cha msingi, anachomoa kalamu ya wino mfukoni mwa shati na kuidumbukiza kwenye kopo la maziwa lililo mezani. Kopo limeshajaa nusu. Anayetaka kuandika humu ndani hupewa penseli, na ukutani pamebandikwa karatasi ya maandishi ya mkono: USIANDIKE KWENYE KITABU, HATA JINA LAKO.

Sheria hiyo haina msalie Mtume. "Mchungaji wangu mwenyewe nilimpokonya kalamu," anasema Tukuswiga. "Jumapili nikaenda ibadani kama kawaida, na sadaka nikatoa."

Leo amevaa sketi ya kanisani ingawa ni Jumanne. Anamngoja mgeni kutoka Ileje, bibi wa miaka 74, na kila gari dogo likipunguza mwendo anachungulia dirishani. Bibi huyo akikubali, kitabu kinachouliziwa kuliko vyote katika maktaba hii kitarudi kusomwa na wengi. Akikataa, ndiyo basi.

"Na wa kulaumiwa nitakuwa mimi," anasema. "Sitafuti wa kumsukumia."

Tukuswiga ana miaka 43. Alizaliwa Ileje, akamaliza kidato cha nne, akaolewa Mbozi, na kazi ya ukutubi aliifundishwa kwa miezi mitatu tu. Maktaba yenyewe ni chumba kimoja kilichokuwa ghala la mahindi. Inamilikiwa na kikundi cha wazaliwa wa hapa wanaoishi mijini, nao humlipa posho ya Sh150,000 kwa mwezi. Pengo linalobaki analiziba kwa maharage na miti 300 ya kahawa.

Miaka minne iliyopita kikundi kilileta kisanduku cheusi, kikubwa kidogo kuliko kipande cha sabuni ya mche. Ndani yake huwekwa vitabu kwa njia ya kielektroniki. Mtu akiwa jirani na maktaba anafungua simu, anachagua kitabu, anakipakua bila bando. Msimu wa kahawa watu walijaa mpaka kwenye ngazi za duka la pembejeo la pembeni, vichwa vimeinamia simu.

"Nilikuwa na nakala moja na watu thelathini wanaitaka," anasema. "Kisanduku kilipokuja niliona Mungu amenisikia."

Nakala hiyo moja ni ya kitabu cha kahawa cha Mwalimu Osea Nzunda, aliyefariki mwaka 2013. Kina kurasa 112 na michoro ya majani, matunda na mizizi, kila ugonjwa na sura yake. Kilichapwa mara moja tu, nakala elfu moja, kwa fedha za mwalimu mwenyewe.

Anyitike hahitaji kuulizwa mara mbili. "Mimi nilikuwa nanunua dawa ya kutu ya majani kila mwaka, kumbe mti wangu una njaa ya mbolea," anasema. "Ukurasa wa 47 kuna jani limechorwa. Unachuma jani lako, unaliweka pembeni, unaona kila kitu. Mtaalamu angekuja lini huku kwetu?"

Tukuswiga hakukwapua kitabu hicho, na hilo lisemwe mapema. Aliomba, tena aliomba kama wanavyoomba watu wa huku. Kitu cha marehemu huombwa kwa mkubwa wa nyumba. Kwa hiyo alibeba sukari kilo mbili na majani ya chai, akaenda kwa Yonasi Nzunda, kaka mkubwa wa mwalimu, ambaye sasa ana miaka 81.

Wazee watano walikaa. Chai ikanywewa. Yonasi akasema ni heri jina la mdogo wake lisambae, wazee wakapiga makofi taratibu kuonyesha wameridhia, na karatasi ikatiwa sahihi. "Nilirudi nyumbani nikalala usingizi mzuri," anasema Tukuswiga. "Ningejuaje kuwa kikao kile kilikosa mtu?"

Kesho yake alipiga picha kitabu kizima kwa simu yake, ukurasa baada ya ukurasa. Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo kurasa alizoona hazina kazi akaziruka. Mmojawapo ulikuwa ukurasa wa pili.

"Nani anasoma ukurasa wa pili?" anauliza, na anaonekana bado anajikasirikia. "Una jina la kiwanda cha uchapaji na maneno madogo madogo. Nilianza pale panaposema 'Shamba lako'."

Juni mwaka jana aliingia mwanamke mzee akiwa na mfuko wa salfeti begani. Ni Ketrina, mjane wa Mwalimu Osea. Baada ya msiba alielezwa achague, aolewe na shemeji au aondoke. Aliondoka akarudi kwao Ileje na nguo zake na maboksi ya vitabu vilivyobaki, kwa sababu vitabu hakuna ndugu aliyeviona kuwa ni mali.

Tangu hapo, kila msimu wa kahawa hushuka Mlowo, hufikia kwa muumini mwenzake, na kuuza vitabu hivyo kwa Sh5,000 penye vituo vya kununulia kahawa. Miaka ya nyuma aliuza thelathini, hata arobaini. Mwaka jana, kwa wiki tatu, aliuza viwili.

Aliyemfungua macho ni Anyitike huyuhuyu. "Nilimwonea huruma kubeba mzigo juani," anasimulia, macho chini. "Nikamwambia, mama, usihangaike, hiki ninacho kwenye simu. Nikurushie? Mtu namwambia nimrushie kitabu chake mwenyewe. Nikikumbuka natamani ardhi ipasuke."

Ketrina hakupiga kelele maktabani. Aliomba aonyeshwe kitabu kwenye simu, na Tukuswiga akamwonyesha kwa furaha, akamweleza kuwa ukoo umeruhusu.

"Majani haya alichora nani?" akauliza bibi.

"Sijui, mama. Bila shaka ni mwalimu mwenyewe."

"Lete kitabu chenyewe. Fungua ukurasa wa pili."

Maneno madogo madogo yalikuwa pale: hairuhusiwi kunakili bila idhini. Na chini yake: Michoro, K. Nzunda.

"K ni mimi," akasema Ketrina.

Tukuswiga anasema alikosa pa kuuweka uso. "Nilipiga magoti palepale. Akaniambia, inuka mwanangu, nami sikuja kutafuta magoti." Jioni ile alichomoa waya wa kisanduku.

Wakili wa mjini Vwawa, Irene Silwimba, aliyeisaidia maktaba bila malipo, anasema kosa kama hili si la ajabu. "Maktaba ikiazima nakala moja, mmoja anasoma na wengine wanangoja. Ikiiweka kwenye kisanduku kila mtu apakue, imechapa nakala mia kwa asubuhi moja. Nia inaweza kuwa njema, lakini ni kunakili."

Kuhusu kikao cha ukoo anatabasamu kidogo. "Mzee anaweza kusimamia msiba na shamba la ukoo. Hakimiliki ya maandishi inakwenda kwa mrithi anayetambuliwa kisheria, na mahakama ilimtambua mjane. Michoro haina hata haja ya mrithi. Aliyechora yupo, anapumua."

Kisanduku kilikuwa na vitabu 214. Tukuswiga alivipitia kimoja kimoja, akakuta vyenye ruhusa inayoeleweka ni 38. Vilivyobaki akavitoa, na lawama zikamjia. Wanafunzi walimwambia amewanyima vitabu vya kujiandaa na mitihani. Wakulima walimwambia anaringa. Kamati ya maktaba nayo ikaamua kuwa kitabu cha kahawa kisiporuhusiwa kwa maandishi kabla ya msimu huu, kifutwe moja kwa moja.

Ameandika barua 27 kwa waandishi na wachapishaji. Zimejibiwa tatu. "Wengine wamekufa, wengine ofisi imekuwa duka la simu," anasema. "Nimejifunza kuwa kuomba ni kazi kubwa kuliko kupiga picha."

Ileje alikwenda mara mbili. Safari ya kwanza alikwenda peke yake, na fomu mkononi. Ketrina alimkaribisha vizuri, akaisoma, akairudisha. "Fomu haina haraka," akamwambia kwa Kindali, lugha ya kwao Ileje. "Aliyekosa haji peke yake. Nani amekuleta?"

Tukuswiga alijua anaulizwa nini. Aliyepaswa kumleta ni yule aliyetoa kisicho chake.

Ilimchukua miezi miwili kumpata Yonasi akubali. Mzee hakuwa amezungumza na shemeji yake tangu alipoondoka. Walipofika alikaa kwenye kiti cha chini, kofia mapajani, akasema maneno machache ambayo Tukuswiga anayakumbuka yote. "Nilitoa ng'ombe wa mtu. Tena mwenye ng'ombe nilimfukuza mwenyewe."

Ketrina aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na ndizi na maharage. Walikula. Fomu hakuitia sahihi. Alisema atakuja Mlowo aone kwa macho yake kitakavyosomwa, na ndiyo maana leo Tukuswiga amevaa sketi ya kanisani.

Saa sita inakaribia Ketrina anapoingia, mfuko wa salfeti begani. Anyitike anasimama haraka kuupokea. Ndani mna nakala 86, za mwisho duniani.

Tukuswiga anamwonyesha vishikwambi viwili vilivyofungwa kwa mnyororo mezani. Kitabu kitasomwa hapo tu, hakitapakuliwa. Anayetaka cha kwenda nacho nyumbani atanunua nakala ya karatasi hapohapo, na fedha ni za bibi. Nakala zikiisha, Ketrina ataamua upya.

Bibi anasikiliza, anauliza kama watu hawawezi kupiga picha kishikwambi.

"Wanaweza, mama," anajibu Tukuswiga. "Nitakaa hapa niwaangalie. Zaidi ya hapo sina uwezo, na sitaki kukudanganya."

Ketrina anatikisa kichwa kukubali. Anatia sahihi fomu kwa mwendo wake. Kisha anaomba kitabu cha maktaba, kile kile cha siku zote, anafungua ukurasa wa pili na kuutazama.

"Majani haya nilichora mchana, mwalimu akiwa shuleni," anasema. "Watoto walikuwa wanayachuma wananiletea, nami nachora kabla hayajanyauka. Kitabu kilipotoka watu wote wakamsifu mwalimu. Hata yeye alicheka, akasema K inatosha." Anapitisha kidole juu ya ile K. "Niliona kweli inatosha. Haikutosha. Niazime kalamu."

Tukuswiga anampa penseli.

"Hii inafutika," anasema Ketrina.

Tukuswiga anatazama karatasi ya ukutani, anatazama kopo. Anaingiza mkono na kutoa kalamu ya kwanza anayoigusa, ambayo ni ya Anyitike, na kumkabidhi kwa mikono miwili. Ketrina anaegemea meza. Kando ya ile K anaandika herufi saba, moja moja, kwa mkono wa mtu aliyezoea kuchora.

Wino unapokauka, Tukuswiga anapiga picha ukurasa huo kabla ya mwingine wowote. Ndio utakaofunguka kwanza kila kishikwambi kitakapowashwa.

Mpango wake ni kumaliza kuwatafuta wenye vitabu vilivyobaki kabla ya mwaka kwisha, hata kama itabidi apande gari kwenda Ndalambo na Ivuna kuulizia jamaa zao. "Sasa nikifika sitauliza nani mkubwa wa nyumba," anasema. "Nitauliza nani aliandika, nani alichora, na kama yupo hai nimwone."

Anyitike amenunua nakala ya kwanza. Anachukua kalamu yake na kuelekea mlangoni, kisha anageuka na kuonyesha ukutani.

"Madam, basi karatasi hii utaibandua?"

"Inabaki palepale," anasema Tukuswiga, akinyoosha ukurasa. "Mama kaandika kwenye kitabu chake."