Neno "Vuka" Nililowafundisha Watoto wa Shule

Admin, nifichie jina, na wanaonijua huku Malvern wakinitambua wanyamaze. Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane, Mkongo wa Uvira, fundi cherehani. Suti zangu zimeingia makanisa mengi ya Johannesburg na hakuna iliyorudishwa. Shule niliishia la tatu, lakini wenye diploma wengi nawapita akili. Haya nayaandika kwa kidole kimoja, leo siku ya nne, maana sitaki mtu anishikie simu.

Naishi na mjukuu wangu wa kike, miaka tisa. Mama yake, binti yangu, anafanya usafi kwenye maofisi Midrand, anakuja Jumapili tu. Mtoto anasoma shule ya msingi ya lugha mbili, Kiingereza na Kizulu. Siku moja shule iliita wazazi, ikaomba kila mtu ajitolee kazi. Wengine wakachukua jikoni, wengine kupaka rangi madarasa. Mimi nikasimama nikasema, "Nipeni barabara." Pale mbele ya lango hakuna robot, zile taa za barabarani, magari yanapita kama yanafukuzwa. Wakanipa kizibao kinachong'aa na kibao chekundu cha kusimamisha magari. Mwaka mmoja na nusu sijakosa siku. Hata madereva wa teksi wasioogopa polisi, mimi waliniogopa. Watoto wakaniita Mkhulu, ndiyo babu kwa Kizulu.

Sasa sikieni kosa langu. Nikishasimamisha magari nilikuwa napiga kelele, "Vuka! Vuka!" Siku za kwanza watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Jioni mjukuu wangu akaniambia, "Babu, unanitia aibu. Kwa Kizulu vuka ni amka. Kuvuka barabara ni wela. Sema wela."

Nikamjibu, "Mimi nimevuka mto Ruzizi kwa miguu kabla mwalimu wako hajaota meno. Wewe ndiye utanifundisha kuvuka?"

Hata mwalimu wao wa Kizulu, nitamwita Mem Zodwa, alinifuata barabarani kwa heshima. "Mkhulu, tunakushukuru, lakini watoto wadogo watachanganyikiwa. Sema wela."

Nikacheka. Nikasema, "Mem, watazoea."

Eish. Wakazoea kweli. Baada ya miezi michache hata watoto wa Kizulu wenyewe, mimi nikisema vuka, wanavuka. Nikajisifu kanisani kwamba nimeongeza neno kwenye lugha ya watu.

Wiki mbili zilizopita, saa ya kutoka shule, nilikuwa nimeshusha kibao ili magari yapite. Watoto wamejipanga ukingoni, Mem Zodwa yuko nyuma yao. Kulikuwa na katoto ka darasa la kwanza, ka kike, kamesimama mbele kabisa kanaangalia ndege kwenye waya, mkoba umefunguka na vitabu vinaanguka. Mem akamwita, hakusikia. Akapaza sauti, "Vuka, wena!" Yaani wewe, amka.

Mtoto akaingia barabarani.

Bakkie, yaani pikapu, ilifunga breki, lakini ilimgonga mguu. Ile sauti bado iko kwenye masikio yangu. Mguu umevunjika sehemu mbili, yuko hospitali, Mungu amemwacha hai.

Mkuu wa shule aliniita. "Mkhulu, wewe ulikuwa karibu. Uliona nini?" Nikasema, "Mem alipiga kelele, mtoto akatoka." Maneno hayo yote ni kweli. Nikanyamaza hapo. Sasa wazazi wanasema mwalimu alimtisha mtoto mpaka akakimbilia gari. Mem amesimamishwa kazi. Yeye mwenyewe analia tu, anasema hajui kwa nini mtoto alitoka. Mimi najua.

Juzi nilikwenda hospitali na machungwa. Mama wa mtoto akanipigia goti, akaniita baba, akasema ningekuwa mimi ndiye mwalimu haya yasingetokea. Mtoto aliponiona akatabasamu. Akasema, "Mkhulu, vuka." Mama yake akacheka, "Masikini, anadhani umesinzia." Lakini mimi niliona vidole vyake. Vidole viwili vilikuwa vinatembea juu ya shuka, kutoka upande mmoja mpaka wa pili, taratibu, kama nilivyowafundisha. Machungwa yakanidondoka. Yule mama akainama kuniokotea.

Siku moja huyo mama ataangalia vile vidole. Mwaka 2008, wageni tulipovamiwa hapa Johannesburg, niliona jirani niliyemshonea nguo za harusi akisimama na wale waliovunja mlango wangu. Wakijua mtoto wao amevunjika kwa ajili ya neno la mgeni aliyekatazwa na hakusikia, wataniacha? Na mjukuu wangu atapita lango lile vipi?

Kikao cha wazazi ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Ndipo wanaamua kama Mem anafukuzwa kabisa. Wameniomba nisimame nieleze nilichoona, eti mimi ndiye mzazi wanayemwamini wote. Jana nilimwambia mjukuu wangu tufunge mizigo, twende Midrand kwa mama yake tukae kidogo. Hakusogea. Akaniambia, "Babu, mimi nilikwambia useme wela. Usiposema wewe, nitasimama mimi." Akaingia chumbani na sare yake ya shule, akaipiga pasi mwenyewe.

Ndugu zangu, mzee sijawahi kuomba ushauri kwa mtu, leo naomba. Nikisema, naogopa watu. Nikikimbia, katoto ka miaka tisa kanakwenda kusimama mbele yao badala yangu. Nimeshajaribu koti langu zuri, bado linanikaa. Nisaidieni kabla ya Jumamosi: yale maneno nayaanzaje?